Kona Iliyonyooshwa

Mizani pekee ya kuaminika pale kituoni ilikuwa ile ya kupimia bangi. Koplo aliipangusa kwa kiwiko, akaiweka juu ya meza ya Inspekta, kisha akalipandisha boksi juu yake taratibu kama lenye mayai. Halikuwa na mayai. Lilikuwa na vipande vya vigae vya bafuni, vya buluu, kila kimoja kimeviringishwa gazeti ili visigongane.

"Kilo mbili na gramu mia moja hamsini," Koplo alisoma.

Inspekta aligeuza boksi akaisoma lebo ya kampuni ya usafirishaji. Kilo mbili na gramu mia moja hamsini. Akalipima tena mwenyewe, kwa kuwa hakumwamini Koplo wala mizani, na jibu likawa lile lile.

"Kwa nini uzito ulingane?" aliuliza.

Koplo alishusha pumzi. Kituo kizima kilimwita mama huyu Bi Kwanini, zamani kwa kificho, siku hizi hata mbele yake. Aliuliza kwa nini mtu ameuawa na kwa nini chai imepoa kwa sauti moja, na yeyote aliyejibu ovyoovyo alijuta.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Siku ya Jumatatu boksi hilo lilipelekwa nyumbani kwa muuguzi mstaafu ambaye mtaa wote humwita Mama Nesi. Alikuwa ameagiza mashine ya kupimia shinikizo la damu kwenye duka la mtandaoni, ampe dada yake. Jumatano dada mtu akaja kumtembelea. Mama Nesi akalileta boksi sebuleni kwa mbwembwe, akalipasua mbele ya mgeni, vikamwagika vigae. Kijana aliyelileta, mpeleka mizigo wa pikipiki anayejulikana kwa jina la Chapuchapu, alipopita mtaani hapo jioni na mizigo mingine alikamatwa langoni, Mama Nesi akimwita mwizi na majirani wakitazama. Leo ilikuwa Ijumaa, saa tatu asubuhi. Saa nane mchana Chapuchapu angefikishwa mahakamani, na barua ya kampuni yake ilikwisha kuletwa kituoni: akisomewa shtaka tu, kazi hana.

"Wizi wa njiani huo, Afande," Koplo alisema. "Mtu anaagiza simu, anapokea sabuni. Mbona tunazo kesi kama hizo tele."

"Mwizi wa njiani ana haraka. Anaokota jiwe, anatumbukiza, anaondoka. Huyu alikaa chini. Alipima, akaongeza kipande, akapunguza, mpaka gramu zikakubali. Halafu akaviringisha magazeti. Wewe umewahi kuona pikipiki yenye mizani?"

Koplo alifikiri kidogo, uso ukamchangamka. Ghalani, alisema. Ghala la kampuni lina mizani, na kila mzigo hupimwa unapoingia na unapotoka. Mtu wa ndani ndiye angehitaji uzito ulingane, ili mashine ya ghalani isimsute. Inspekta alikiri kwamba hilo lina akili, akaliandika kwenye daftari lake, daftari la zamani ambalo jalada lake lilikuwa limekunjamana pembeni kwa kukaliwa garini.

Kabla ya kutoka alipita mahabusu. Chapuchapu alikuwa amekaa sakafuni, viatu bila kamba, suruali ameishikilia kwa mkono kwa sababu mkanda ulikuwa kaunta. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, na miaka saba kati ya hiyo ameimalizia barabarani. Hakulia wala hakujitetea sana. Alieleza kwamba alimkabidhi mama mzigo wake mlangoni, akapiga picha kama wanavyotakiwa, akaondoka. Inspekta akamuuliza kama hajawahi, hata siku moja, kutamani kujua alichobeba.

"Mama, ukianza kutamani kazi hii huiwezi," alisema. "Mimi huwa sifungui."

Picha hiyo iko wapi? Kwenye simu, na simu imezuiliwa. Lakini kila picha, alisema, huingia ofisini palepale. Msimamizi wake alikuwa amewapa polisi saini ya kupokelea peke yake, kwa sababu polisi waliomba saini peke yake. Inspekta alimtazama Koplo, na Koplo akatazama dari.

Ghala lilikuwa upande wa pili wa mji, kwa hiyo walianzia kwa Mama Nesi.

Ilikuwa nyumba safi, mapazia yamepigwa pasi. Mama Nesi aliwakaribisha akiwa ameshikilia simu, na hakuiweka chini hata alipowamiminia maji ya kunywa. Inspekta aliomba kuonyeshwa boksi lilipokaa tangu Jumatatu hadi Jumatano. Mama Nesi alisita, akasema ni stoo tu, kumejaa vumbi. Inspekta akasema vumbi si kitu.

Hakukuwa na vumbi. Kilikuwa chumba alicholala binti yake kabla hajaolewa, na sasa kilijaa maboksi kutoka sakafuni hadi dirishani, yamepangwa kwa ukubwa, lebo zikitazama mlangoni. Hakuna hata moja lililofunguliwa. Koplo alianza kuhesabu, akapotea njiani.

"Ni zawadi za watu," Mama Nesi alisema haraka. "Nanunua mapema. Mtu akizaa, mtu akihamia nyumba mpya, sihangaiki."

Inspekta aliuliza ni lini mara ya mwisho alimpa mtu zawadi kutoka humo. Mama Nesi alijaribu kukumbuka. Ilikuwa Jumatano, akasema, nayo ndiyo ile ya vigae. Mbele ya dada yake, mkubwa wake, ambaye siku zote humwambia kwamba mtandaoni ni utapeli mtupu. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, na aibu ile ndiyo iliyomfanya apige kelele. Kisha, akitaka kulitetea duka lake, alieleza kwamba si watu wabaya. Duka lenyewe linamthamini. Karibu kila wiki linamwongezea salio, na kumpongeza juu.

"Kwa nini?"

"Kwa kuwa mteja mwaminifu. Ujumbe unakuja, 'Hongera, salio lako limeongezeka.' Basi unaona vibaya kuliacha likae bure, unatafuta kitu kidogo." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Na pia, Inspekta, kuna ile kugongewa mlango. Miaka thelathini na minne nilikuwa naitwa usiku na mchana. Nesi, njoo huku. Nesi, wahi kule. Nilipostaafu, siku ya kwanza simu haikulia. Sasa walau kuna mtu anasimama mlangoni anauliza kama nipo."

Inspekta aliandika neno salio, akalipigia mstari, bila kujua bado litamfaa nini.

Mumewe walimkuta kibandani nyuma ya nyumba. Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, mzee mwembamba mwenye kofia ya buluu, na kibanda chake kilinukia gundi ya unga wa ngano. Mbele yake kulikuwa na visu vitatu vimepangwa sambamba, kipande cha mfupa cha kukunjia karatasi, na mizani ndogo ya kupimia unga wa gundi. Koplo aliiona mizani akamkonyeza mkuu wake, lakini katika mtaa ule mwoka mikate naye alikuwa na mizani, na muuza viungo pia.

Fundi alijibu kwa maneno machache. Jumatatu alikuwapo. Mzigo alimwona mkewe akiupokea. Jumatano alikuwa kibandani, akasikia kelele. Kijana hamjui kwa ubaya wowote. Wakati anajibu, alilivuta kwake daftari la Inspekta lililokuwa mezani, akaipaka gundi kidogo ile pembe iliyokunjamana, akaipitishia mfupa mara mbili, tatu, akaikandamiza kwa kidole gumba. Alifanya hivyo bila kuitazama, kama mtu anavyojikuna. Inspekta aliporudishiwa daftari, kona ilikuwa imenyooka kama imetoka dukani, naye akashukuru.

"Saa nane anapelekwa mahakamani yule kijana," alimwambia wakati wa kuaga.

"Saa nane hii ya leo?" Fundi aliuliza. Akaambiwa ndiyo. Akafunika kopo la gundi, na kifuniko kikamkataa mara mbili kabla ya kukaa sawa.

Saa tano na nusu walikuwa ghalani. Wakati Koplo anatafuta maegesho, simu ya Inspekta ililia. Ulikuwa ujumbe wa duka la mtandaoni: viatu ulivyovitazama bado vipo, zimebaki jozi mbili tu. Zilikuwa zimebaki jozi mbili tangu mwezi uliopita. Alijua ni uongo, na kidole chake kilikwenda kutazama hivyohivyo, halafu akaona haya akaizima.

Msimamizi wa ghala alikuwa mtu wa kujihami. Alisema kila kitu kiko kwenye kumbukumbu, na kweli kilikuwapo. Boksi la Mama Nesi lilipigwa picha na kamera ya juu ya mkanda wa kusafirishia mizigo Jumapili jioni, likapigwa tena Jumatatu asubuhi lilipotoka. Inspekta aliomba zikuzwe. Utepe ulikuwa mzima, lebo imekaa sawa. Kona ya kushoto, chini, ilikuwa imebonyea vibaya. Msimamizi alikimbilia kusema hilo lilitokea huko lilikotoka, si kwao.

"Nionyeshe picha ya mlangoni," Inspekta alisema.

Ile ya Chapuchapu ilipigwa Jumatatu saa nne asubuhi. Mama Nesi amelikumbatia boksi mlangoni kwake, anatabasamu kama anayepigwa picha ya harusi. Utepe mzima. Kona ya kushoto, chini, imebonyea.

Inspekta alimtuma Koplo garini. Boksi lilipoletwa aliliweka chini ya taa, akaishika kona ya kushoto kwa vidole viwili. Ilikuwa imenyooka. Aliitazama kwa makini akaona ukanda mwembamba wa karatasi, rangi ileile ya boksi, umebandikwa kwa ndani na kusuguliwa mpaka usionekane. Akaunusa, ukanukia gundi ya unga wa ngano. Kisha akatoa daftari lake, akaiweka kona ya daftari kando ya kona ya boksi.

Koplo alipiga mluzi mdogo.

"Boksi lilifika nyumbani limebonyea," Inspekta alisema. "Likanyooshwa baada ya Chapuchapu kuondoka. Aliyelifungua alikuwa na muda wote wa dunia, isipokuwa hawezi kuona kona imebonyea akaiacha."

"Lakini mwizi gani anamwibia mkewe mashine ya presha?"

"Hilo ndilo swali. Na kwa nini uzito ulingane?" Safari hii alijijibu mwenyewe. Baada ya kufika nyumbani, boksi halipimwi tena na mtu yeyote. Mtu pekee wa kudanganywa ni yule anayelinyanyua, anayelipanga, anayelihamisha toka rundo moja kwenda jingine. "Huyu hakuogopa mashine ya ghalani. Alimwogopa mkewe."

Kwenye ukumbi wa ghala kulikuwa na dirisha la marejesho, ambako mteja asiyeridhika hurudisha kitu ndani ya siku saba. Dada mhudumu aliyekaa hapo alikuwa amezungukwa na mifuko iliyochanika na nguo zilizokwisha kuvaliwa. Kalamu zake alizitia kwenye kiboksi kizuri cha kadibodi ngumu, kona zake zimefunikwa kitambaa. Inspekta alikishika akauliza kimetoka wapi.

Kuna mzee mmoja, dada yule alisema, kofia ya buluu, hakosi kila wiki. Vitu vyake analeta ndani ya viboksi vya kujitengenezea, vimefungwa vizuri mpaka unaona huruma kuvifungua. Anarudisha kwa namba za oda za mkewe. Hajawahi kuleta kitu kina hata alama ya kidole. Inspekta akampa namba ya oda ya mashine ya presha. Dada akabofya. Ilirejeshwa Jumanne, saa tatu asubuhi, nzima.

"Na pesa? Anapewa mkononi?"

"Hapana, haturudishi mkononi. Inaingia kwenye akaunti ya aliyenunua, kama salio la dukani. Anatumiwa na ujumbe."

"Wa kumpongeza," Inspekta alisema, na dada akashangaa amejuaje.

Walirudi kwa Mama Nesi saa saba kasoro. Koplo alitaka pingu. Inspekta alisema pingu za kumfunga nani, kwa kosa la kurudisha mali dukani? Hata hivyo alikuwa na hasira, na hasira hiyo haikuwa ya maboksi.

Fundi alikuwa kibandani na hakuwa anafanya kazi. Inspekta aliweka boksi na daftari mezani, kona kwa kona, akasubiri. Mzee alivitazama. Akavua kofia.

Alianza mwaka jana, alisema. Aliona mkewe hafungui, anapanga tu. Alijaribu kumwambia mara moja, mama akanyamaza siku tatu, hakula vizuri. Basi akaona amsaidie kimyakimya. Anafungua boksi mkewe akienda kanisani au sokoni, anarudisha kilichomo, anajaza vigae vilivyobaki walipokarabati bafu. Hadi sasa ameshayashughulikia thelathini na nane. Mama anabaki na maboksi yake, na nyumba haifilisiki. Hakujua kwamba lile moja lilikuwa na mwenyewe, dada mtu, na kwamba lingefunguliwa.

"Pesa zinarudi kwake," alisema, akitafuta pa kushikilia. "Sikuchukua hata senti."

Inspekta alimweleza pesa zinarudi vipi. Alieleza polepole, salio, ujumbe, hongera. Kila ulichokirudisha, Mzee, kilimpa cha kununulia kingine. Fundi alisikiliza akiwa ameshika ule mfupa wa kukunjia, na kwa mara ya kwanza ulikaa tu mkononi mwake. Inspekta alimwonea huruma, lakini haikutosha.

"Hilo ni la nyumbani kwenu," alisema. "Langu ni hili. Jumatano ulisikia mkeo akimwita yule kijana mwizi. Alhamisi ulikuwapo. Leo asubuhi nimekaa hapa, umenitengenezea daftari, hukusema neno. Kwa nini?"

"Nilidhani mtamwachia. Hana kosa."

"Asiye na kosa ana siku mbili anashikilia suruali kwa mkono."

Mzee aliinamisha kichwa. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama hakuna njia ya kumtoa kijana bila mkewe kujua. Angeandika maelezo sasa hivi, angesaini, angekwenda popote. Ila yeye asijue.

"Niambie mimi," sauti ilisema mlangoni. "Kuna nini nisichotakiwa kujua?"

Mama Nesi alikuwa amesimama na trei ya chai. Fundi aliuweka mfupa mezani. Inspekta angeweza kumsaidia kusema. Alitoka nje badala yake, akamvuta Koplo mkono, wakasimama kwenye kamba ya nguo kama watu waliokuja kuanua.

Hawakusikia maneno. Walisikia trei ikiwekwa chini, kisha sauti ya mzee kwa muda mrefu. Halafu Mama Nesi akatoka, akawapita, akaingia chumba cha maboksi. Kupitia dirishani Inspekta alimwona akinyanyua boksi moja, akilipima mkononi, akilirudisha. Akanyanyua la pili. Hakufungua hata moja. Alipotoka alikuwa amevaa viatu vya safari, macho mekundu, simu haipo mkononi.

"Ni saa ngapi sasa?" aliuliza.

"Saba na robo."

"Tutawahi. Lakini tupitie hapa jirani kwanza. Kuna watu wawili waliokuwapo Jumatano, nataka wawepo."

Hivyo gari la polisi liliingia kituoni saa saba na dakika arobaini likiwa na muuguzi mstaafu mbele, kando ya Inspekta, na nyuma fundi wa vitabu aliyebanwa kati ya majirani wawili ambao hawakujua watazame wapi. Koplo alishushwa majirani walipopanda, akafuata kwa miguu, kwa sababu hakukuwa na nafasi. Inspekta alimpigia simu mwendesha mashtaka. Fundi aliandika maelezo yake kurasa mbili, kwa mwandiko uliosimama wima, akasaini. Aliambiwa asitoke mjini, na kwamba wenye mamlaka wataamua kuhusu ukimya wake. Alisema ni haki.

Chapuchapu alitolewa. Mama Nesi alimngojea akaze mkanda kwanza, afunge na kamba za viatu, ndipo akasimama mbele yake.

"Jumatano nilikuita mwizi na hawa walisikia," alisema. "Leo wanisikie tena. Huna kosa. Nilichopoteza kilipotelea nyumbani kwangu, na mimi ndiye niliyekosea. Nisamehe, mwanangu."

Chapuchapu aliangalia chini. Inspekta alitarajia atafoka, na asingemlaumu. Kijana akasema tu kwamba amesikia, na kwamba angeomba hayo hayo yaandikwe kwa msimamizi wake, leo hii, kabla ofisi hazijafungwa. Mama Nesi aliomba karatasi. Aliandika palepale kaunta akiwa amesimama, na mumewe akamshikia karatasi isiteleze, naye hakuusukuma mkono wake.

Koplo alimrudishia Chapuchapu simu yake. Kijana akaiwasha. Ilitetemeka mfululizo kwa dakika nzima, siku mbili za mizigo isiyofikishwa zikiingia moja baada ya nyingine, naye akaanza kuipitia kwa kidole gumba kama aliyezoea. Katikati ya orodha akasita.

"Mama, una mzigo wako. Umefika ofisini tangu jana. Uliagizwa Jumatano usiku."

Mama Nesi aliacha kuandika. Majirani wote wawili walimtazama, na mumewe akamtazama. Alijaribu kukumbuka. Ilionekana wazi usoni kwamba anajaribu kweli, na kwamba hapati kitu.

"Una nini ndani?" aliuliza.

"Sijui, Mama," Chapuchapu alisema. "Mimi huwa sifungui."